Waliobaki Nje ya Mstari: Msamaha wa Wahamiaji wa Mwaka 1986 na Wajibu wa Kanisa

Kiswahili kinatumia neno moja kwa mambo mawili. Mtoto aliyemkosea mama yake anaomba msamaha. Rais anapowaachia wafungwa siku ya Uhuru au siku ya Muungano, redio inatangaza msamaha wa Rais. Sisi tunaolisikia neno hilo kila Jumapili baada ya kuungama dhambi zetu tunaweza kudhani kwamba ni kitu kile kile. Sivyo. Msamaha wa Mungu anapewa kila atubuye. Msamaha wa serikali una masharti: aina ya kosa, muda uliokwisha kutumikiwa, umri, hali ya afya, na tarehe. Asiyetimiza masharti jina lake halisomwi, na kesho yake asubuhi yuko pale pale alipokuwa jana.

Magazeti hutuonyesha picha za waliotoka. Ni mara chache kuonyeshwa waliobaki. Katika insha hii tunapenda kuuliza habari zao, na tunauliza juu ya kundi moja: wahamiaji wanaoishi katika nchi isiyo yao bila kibali, ambao serikali ilitoa msamaha na wao hawakuupata. Mfano wetu ni msamaha uliotolewa Marekani mwaka 1986. Tumeuchagua kwa sababu tatu. Ulikuwa mkubwa, na matokeo yake yamekwisha kuonekana kwa karibu miaka 40. Makanisa, na ya Kilutheri yakiwamo, yalihusika nao. Tena, miongoni mwa wanaoishi Marekani leo bila makaratasi wamo watoto wa sharika zetu.

Kwanza tuseme neno juu ya lugha. Magazeti yetu huwaita watu hawa "wahamiaji haramu". Neno haramu katika masikio yetu ni zito. Ni neno la chakula kisicholiwa, na la mtoto anayetukanwa kwa kosa la wazazi wake. Sheria inaweza kusema kwamba mtu ameingia nchini bila kibali, na ikawa kweli. Haiwezi kusema kwamba mtu mwenyewe ni haramu. Kwa hiyo hapa tutasema wahamiaji wasio na vibali.

Sheria na mstari wake

Tarehe 6 Novemba 1986 Rais Ronald Reagan alitia sahihi sheria mpya ya uhamiaji. Ilikuwa na pande mbili. Upande wa kwanza ulikuwa msamaha. Mtu aliyeweza kuthibitisha kwamba ameishi Marekani mfululizo tangu kabla ya tarehe 1 Januari 1982 aliruhusiwa kuomba ukaazi halali. Wafanyakazi wa mashambani walikuwa na mlango wao: ilitosha kuonyesha kwamba walifanya kazi ya kilimo angalau siku 90 katika mwaka ulioishia tarehe 1 Mei 1986. Upande wa pili ulikuwa adhabu. Kwa mara ya kwanza sheria ya nchi nzima ilimfanya mwajiri kuwa mkosaji akimwajiri kwa kujua mtu asiye na kibali cha kazi.

Waliotunga sheria walikuwa na hesabu yao. Walitegemea kwamba walio ndani watahalalishwa, na wale ambao hawakuhalalishwa watakosa kazi na kurudi kwao. Mwaka mmoja wa kupokea maombi ya jumla ulianza tarehe 5 Mei 1987 ukaisha tarehe 4 Mei 1988. Ada ilikuwa dola 185 kwa mtu mzima. Kwa kuwa watu waliiogopa ofisi ya uhamiaji kama panya amwogopavyo paka, serikali iliyapa mashirika ya kanisa na ya kijamii kibali cha kuwasaidia kujaza fomu. Watu walileta risiti za kodi ya nyumba, bili za umeme, barua za waajiri, kadi za kliniki za watoto. Barua ya kanisa iliyoeleza kwamba mtu huyu ni mshirika wetu tangu mwaka fulani nayo ilikubaliwa kuwa ushahidi.

Maombi yalifika karibu milioni 3, na watu wapatao milioni 2.7 walipata ukaazi wa kudumu. Hilo ni jambo la kumshukuru Mungu, na hatulipunguzi. Mtu aliyekuwa akijificha kila aonapo gari la polisi aliweza sasa kutembea kichwa juu, kudai mshahara wake, na kwenda kumzika baba yake kisha akarudi.

Lakini mstari ni mstari. Aliyeingia Desemba 1981 alikuwa ndani, na aliyeingia Februari 1982 alikuwa nje, ingawa walilala chumba kimoja na kufanya kazi kiwanda kimoja.

Waliobaki walikuwa akina nani

Kundi la kwanza lilikuwa la hao waliochelewa, wale wa baada ya mwaka 1981.

La pili lilikuwa la watu wenye haki waliokataliwa mlangoni. Sheria ilidai ukaazi wa mfululizo, na maofisa waliitafsiri kwa ukali. Mtu aliyetoka mara moja kwenda kumwona mama mgonjwa, kisha akarudi kwa viza ya matembezi, aliambiwa kwamba hastahili, na wengine walirudishwa kabla hata fomu zao hazijapokelewa. Kesi zilifunguliwa mahakamani, moja ikiongozwa na shirika la huduma za jamii la Wakatoliki. Ilifika Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1993, ikarudishwa chini, na mapatano yalipatikana mwaka 2004. Tuhesabu wenyewe: aliyekuwa na miaka 30 alipogeuzwa mlangoni alikuwa na miaka 46 au 47 alipopata nafasi ya kusikilizwa. Kwa muda wote huo alikuwa mtu wa kungoja.

Kundi la tatu lilikuwa ndani ya nyumba zile zile zilizosamehewa. Msamaha ulitolewa kwa mtu mmoja mmoja, haukutolewa kwa familia. Baba alikuja mwaka 1980, mama na watoto wakafuata mwaka 1983. Baba akapata karatasi. Mama na watoto wakabaki watu wa kurudishwa. Mwaka 1987 serikali ilikubali kuwalinda watoto ikiwa wazazi wote wawili wamepata msamaha. Mwaka 1990 ikapanua ulinzi huo kwa wake, waume na watoto, na baadaye mwaka huo Bunge likauweka katika sheria. Ilichukua miaka mitatu na zaidi kukubali jambo ambalo bibi yeyote kijijini angelisema siku ya kwanza, kwamba huwezi kumsamehe baba ukamfukuza mtoto.

Kundi la nne lilikuwa la wakimbizi wa vita kutoka Amerika ya Kati, na kwa hao makanisa yalihusika zaidi. Tutawarudia.

Je, hesabu ya watunga sheria ilitimia? Waliokosa msamaha waliondoka? Wachache waliondoka. Wengi walikaa. Walikuwa na watoto shuleni, madeni, na kwao hapakuwa na kazi. Walichofanya ni kushuka ngazi moja chini zaidi. Biashara ya vitambulisho bandia ilistawi. Waajiri wengine waliacha kuajiri moja kwa moja, wakapitia madalali wa vibarua, ili ikitokea shida dalali ndiye aulizwe, na dalali alikata sehemu yake katika ujira ule ule mdogo. Waajiri wengine wakaogopa kumpa kazi mtu yeyote mwenye sura au lafudhi ya kigeni, hata mwenye haki zote. Taarifa ya ofisi ya ukaguzi ya Bunge ya mwaka 1990 ilithibitisha kwamba ubaguzi huo ulitokana na sheria hiyo. Mwaka huo wa 1990 wataalamu walikadiria kwamba watu milioni 3.5 waliishi Marekani bila vibali. Kufika mwaka 2007 makadirio yalikuwa zaidi ya milioni 12.

Hili ndilo jambo la kwanza tunalojifunza kutoka katika historia hii. Mtu akikataliwa msamaha haondoki duniani. Anabaki kuwa jirani, ila sasa ni jirani anayeweza kuonewa na yeyote.

Makanisa yalipofungua milango

Nchi ya El Salvador iliingia vitani mwaka 1980. Tarehe 24 Machi mwaka huo Askofu Mkuu Oscar Romero aliuawa kwa risasi akiongoza misa. Vita vilidumu miaka 12 na kuua watu wapatao 75,000. Maelfu kwa maelfu walikimbilia kaskazini kwa miguu. Mwezi Julai 1980 kikundi cha Wasalvador kiliachwa jangwani Arizona na waliowasafirisha, na watu 13 walikufa kwa kiu na joto. Makanisa ya mji wa Tucson yalisaidia kuwatunza waliopona, na hapo yakaanza kusikia habari za huko walikotoka.

Serikali ya Marekani iliisaidia serikali ya El Salvador kwa fedha na silaha. Kwa hiyo ilikuwa vigumu kwake kukiri kwamba watu wanakimbia mauaji ya rafiki yake. Mwaka 1984, katika kila Wasalvador 100 walioomba hifadhi, waliokubaliwa hawakufika 3. Wengi walikuwa wameingia baada ya tarehe 1 Januari 1982, hivyo hata msamaha wa 1986 haukuwafikia. Walikuwa wamekataliwa milango yote miwili.

Tarehe 24 Machi 1982, miaka miwili kamili baada ya kifo cha Romero, kanisa la Kipresbiteri la Southside mjini Tucson, chini ya Mchungaji John Fife, lilitangaza hadharani kwamba ni mahali pa makimbilio. Alishirikiana na mfugaji mmoja wa madhehebu ya Kwekeri, Jim Corbett. Hawakuficha. Waliiandikia serikali barua kueleza wanachofanya na kwa nini. Ndani ya miaka michache mamia ya sharika na masinagogi yalijiunga, nayo yalitoka katika Wakatoliki, Wayahudi, Wamethodisti, Walutheri na wengine.

Serikali haikukaa kimya. Iliwatuma wapelelezi wakajifanya waumini, wakaingia katika vikundi vya kujifunza Biblia na vinasa sauti vimefichwa mwilini. Mwezi Januari 1985 watu 16 walishtakiwa, wakiwamo mapadre, masista na Mchungaji Fife. Kati ya 11 waliofikishwa mbele ya baraza la mahakama, 8 walikutwa na hatia mwaka 1986. Hakimu hakumpeleka hata mmoja gerezani. Aliwaweka chini ya uangalizi.

Makanisa nayo yalikwenda mahakamani. Mwaka 1985 yaliishtaki serikali kwamba inawabagua Wasalvador na Waguatemala katika maombi ya hifadhi. Mapatano yalithibitishwa Januari 1991. Serikali ilikubali kuyasikiliza upya maombi ya watu hao, na ikakubali kwa maandishi kwamba urafiki au uadui wa Marekani na nchi anayotoka mwombaji usiwe kigezo cha kumpa au kumnyima hifadhi. Mwaka 1990 sheria iliwapa Wasalvador ulinzi wa muda, na mwaka 1997 sheria nyingine iliwafungulia wengi wao njia ya ukaazi wa kudumu. Miaka 15 tangu tangazo la Tucson.

Kanisa la Kilutheri nchini El Salvador kwenyewe lilikuwa dogo mno, lakini lilibeba mzigo mkubwa. Askofu wake, Medardo Gómez, alitekwa na kuteswa mwaka 1983 kwa sababu ya kuwahudumia waliokimbia makwao. Katika kanisa lake la Ufufuo mjini San Salvador washarika waliandika dhambi za taifa lao juu ya msalaba mweupe. Novemba 1989, usiku wa kuuawa kwa mapadre sita wa Kijesuiti ulipokwisha kupita, askari walivamia kanisa hilo wakimtafuta askofu. Hawakumpata. Waliuchukua msalaba, wakauweka kizuizini kama kitu cha uchochezi. Baadaye ulirudishwa, na Walutheri wa huko wanauheshimu hadi leo.

Waliorudishwa

Si wote walifichwa na kutetewa. Wengi walipakiwa katika ndege na kurudishwa. Serikali ya El Salvador yenyewe iliona hatari: mwaka 1987 Rais José Napoleón Duarte alimwandikia Rais Reagan kumwomba asiwarudishe watu wake, kwa kuwa fedha walizotuma nyumbani ndizo zilizoishikilia nchi.

Miaka ya 1990 lilikuja jambo jingine. Watoto waliofika Los Angeles pamoja na wazazi waliokimbia vita walikulia katika mitaa ya umaskini na magenge. Wengine waliingia katika magenge hayo, wakafungwa, na walipotoka gerezani walirudishwa El Salvador. Walirudishwa katika nchi waliyoiacha wakiwa wadogo, iliyotoka vitani, isiyo na kazi wala polisi wa kutosha. Magenge yaliyozaliwa Los Angeles yalipata makao mapya. Mwaka 2015 El Salvador ilikuwa miongoni mwa nchi zenye mauaji mengi zaidi duniani kwa kulinganisha na idadi ya watu wake, na vijana wapya walikuwa njiani kwenda kaskazini wakikimbia magenge hayo hayo. Kile kilichotupwa ng'ambo ya ukuta kilirudi kwa mlango mwingine.

Mlango uliofungwa kwa ndani

Kuna sheria moja zaidi ambayo washarika wetu wanapaswa kuielewa, kwa sababu inatugusa hapa nyumbani. Tarehe 30 Septemba 1996 Rais Bill Clinton alitia sahihi sheria iliyosema hivi: mtu aliyekaa Marekani bila kibali zaidi ya siku 180, akitoka, haruhusiwi kurudi kwa miaka 3. Akiwa amekaa mwaka mmoja au zaidi, haruhusiwi kwa miaka 10.

Nia ilikuwa kuwatisha watu wasikae. Matokeo yalikuwa kuwafanya wasiweze kutoka. Hata mwenye mke au mume raia, ambaye angeweza kupata karatasi, mara nyingi angetakiwa kwenda kuzichukua ubalozini kwao, na kwa kutoka tu angejifungia nje kwa miaka 10.

Sisi tunaoongoza ibada za mazishi tunalijua jambo hili hata kama hatujui jina la sheria. Wasifu wa marehemu unasomwa, watoto wanatajwa mmoja mmoja, na mmoja wao yuko Houston au Minneapolis na "hakuweza kufika kutokana na majukumu". Ametuma fedha za jeneza na za chakula. Majirani wananong'ona kwamba amesahau kwao, kwamba dola zimemlevya. Huenda yuko chumbani kwake anatazama mazishi ya mama yake katika simu, akilia. Akipanda ndege kuja kutupa konzi ya udongo kaburini, hatawaona tena watoto wake waliozaliwa kule kabla hawajawa watu wazima. Amewekwa kuchagua kati ya kaburi la mama na malezi ya watoto. Tukimhukumu bila kujua hili, tunamwongezea adhabu ambayo hata sheria haikuiandika.

Hapa kwetu

Itakuwa rahisi kumaliza kwa kuwanyoshea Wamarekani kidole. Lakini nasi tuna mistari yetu.

Mwaka 1964 Shirikisho la Kilutheri Duniani lilianzisha hapa nchini shirika la huduma kwa wakimbizi, TCRS. Wazee wetu wengi wanalikumbuka kwa kazi yake Katumba, Mishamo na Ulyankulu, ambako Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipewa ardhi. Walifyeka pori, wakalima, wakazaa, wakajukuu. Mwaka 2010 serikali yetu ilitangaza kuwapa uraia wapatao 162,000. Mataifa machache duniani yamewahi kufanya hivyo, na tunajivunia kwa haki. Hata hivyo, watu hao walikwisha kuukana uraia wa Burundi, na vyeti vyao vilianza kutolewa mwaka 2014. Miaka hiyo minne walikuwa hawako huku wala kule.

Wengine walikuwa nje ya mstari. Desemba 1996 wakimbizi wa Rwanda waliokuwa Ngara na Karagwe waliambiwa wawe wamerudi kwao ifikapo tarehe 31, na karibu nusu milioni walisukumwa kuvuka mpaka. Walikuwapo kati yao wauaji wa mwaka 1994, na walikuwapo watoto wachanga. Mwaka 2012 kambi ya Mtabila kule Kasulu ilifungwa, na Warundi zaidi ya 30,000 walirudishwa. Julai 2013 wahamiaji wasio na vibali katika mikoa ya magharibi walipewa wiki mbili za kuondoka kwa hiari, na Septemba ikaanza Operesheni Kimbunga. Serikali ilikuwa na sababu: ujambazi wa kutumia silaha barabarani ulikuwa umewachosha wananchi wa Kagera, Kigoma na Geita. Lakini waliokumbwa na kimbunga hicho walikuwamo watu walioishi hapa miongo mingi, walioolewa na kuoa hapa, na ambao lugha waliyoijua vizuri ni Kiswahili.

Hatuandiki haya kuilaumu serikali. Kila taifa lina haki ya kulinda mpaka wake, na Paulo katika Warumi 13 anatufundisha kuheshimu mamlaka. Tunaandika ili tusiseme kwamba habari ya Marekani ni ya Wamarekani.

Neno la Mungu na mstari

Katika Kumbukumbu la Torati 23:3 kuna mstari mkali: Mmoabi asiingie katika mkutano wa Bwana, hata kizazi cha kumi. Kisha tunafungua kitabu cha Ruthu, na huyu hapa Mmoabi amekuja Bethlehemu. Hana mume, hana ardhi, na sheria inamkataa. Anakwenda kuokota masazo shambani, kwa kuwa Walawi 19 iliamuru masazo yaachwe kwa maskini na mgeni.

Angalia anachofanya Boazi. Anaanza na kile sheria inachoruhusu, masazo. Kisha anaongeza: anawaagiza vijana wasimguse, anamkaribisha kwenye chakula, anaamuru masuke mengine yaangushwe makusudi. Mwishoni analipeleka jambo lake langoni, mbele ya wazee kumi, mchana kweupe, likamalizwa kwa utaratibu. Ruthu akamzaa Obedi, Obedi akamzaa Yese, Yese akamzaa Daudi. Mathayo anamtaja Ruthu kwa jina katika ukoo wa Bwana wetu. Mungu hakufuta mstari wa Kumbukumbu la Torati kwa kalamu. Aliupita kwa mtu mmoja mwema aliyetumia sheria yote ya huruma iliyokuwepo.

Nasi Walutheri tunapaswa kukumbuka jambo ambalo mara nyingi tunalisahau siku ya Matengenezo. Mwaka 1521, baada ya baraza la Worms, Kaisari Karoli wa Tano alimtangaza Martin Luther kuwa mtu aliye nje ya ulinzi wa sheria. Ilikatazwa kumpa malazi, chakula wala kinywaji. Mtawala wake, Frederick wa Saksonia, alimficha katika ngome ya Wartburg, akafuga ndevu, akaitwa kwa jina lisilo lake, na humo akatafsiri Agano Jipya kwa Kijerumani. Amri ile haikufutwa. Luther alikufa tarehe 18 Februari 1546 akiwa bado hajasamehewa. Kwa miaka karibu 25 aliishi, akaoa, akalea watoto na kuhubiri kwa sababu majirani na mtawala mmoja walikubali kumpa chakula mtu aliyekatazwa kupewa chakula.

Huyo huyo Luther mwaka 1523 aliandika juu ya mamlaka ya dunia. Alifundisha kwamba serikali ni ya Mungu na tunaitii, lakini ina mipaka, na mtawala akiwaamuru watu wake watende lililo ovu dhahiri, hawawajibiki kumfuata. Na katika Katekisimo Ndogo, akieleza amri ya tano, hakuishia kwenye kutomwaga damu. Alituambia tumsaidie jirani katika mahitaji yote ya mwili wake. Hakuweka humo swali la kibali.

Kwa hiyo hatusemi kwamba kila anayeomba lazima apewe uraia. Hilo ni kazi ya serikali. Tunasema kwamba serikali ikimaliza kusema hapana, kazi ya kanisa haijaisha.

Tufanye nini

Kwanza, tuchunge ulimi. Tusimwite mtu haramu, wala tusimhukumu mtoto aliye ng'ambo asiyefika msibani.

Pili, tuwaambie ukweli vijana wanaotaka kusafiri. Viza ikiisha, kila siku inahesabiwa, na siku 180 ni chache. Mzazi anayeuza ng'ombe ili mwanawe aende Marekani anapaswa kujua kwamba huenda hatamwona tena kwa miaka 10. Wakiisha kwenda, tusiwakatie mawasiliano, na tusiwageuze kuwa mfuko wa fedha.

Tatu, sharika zilizo mpakani ziwasaidie watu kupata vyeti vya kuzaliwa na vitambulisho mapema, kabla ya operesheni. Wengi huangukia nje ya mstari kwa kukosa karatasi tu, ingawa haki wanayo.

Nne, na hili ni la makatibu na wachungaji, tutunze vitabu vya usharika. Mwaka 1987 barua ya kanisa yenye tarehe sahihi iliweza kuwa ushahidi wa kumbakiza mtu na familia yake. Hapa kwetu pia, mtu akiulizwa amezaliwa wapi, kitabu cha ubatizo kinaweza kuwa maandishi pekee yenye jina la mama yake. Kikiliwa na mchwa au kikilowa mvua ofisini, tumemwondoa mtu katika orodha bila kukusudia. Usharika ukiwa na fedha kidogo, ununue kabati la chuma kabla ya viti vipya vya plastiki.

Tano, katika maombi ya kanisa tukiwaombea wafungwa na wakimbizi, tuwaombee pia ambao majina yao hayakusomwa. Bwana anawajua, naye atusaidie tuwajue.